Kigoda Nyuma ya Kenta

Tunduma madereva wana madhehebu mawili. Kuna wa vioo na kuna wa shingo. Wa vioo wanarudi nyuma wakiwa wameegemea kiti, mkono mmoja kwenye usukani, macho yanacheza kulia na kushoto kwenye vioo vya pembeni, na ukiwatazama utadhani wako saluni wanasubiri kunyolewa. Wa shingo wanatoa kichwa dirishani, au wanafungua mlango kabisa na kuning'inia nje kama nguo iliyoanikwa, ili waone matairi yao kwa macho yao. Wa vioo wanawacheka wa shingo: huyo bado mwanafunzi, huyo gari la kuazima. Wa shingo wanajibu kwamba kioo hakijawahi kulala mahabusu, anayelala ni dereva. Ubishi huu nimeusikia kwenye foleni ya malori ya kwenda Zambia tangu nikiwa na sare ya sekondari, na mara moja niliuona ukiishia kwenye ngumi.

Mimi siko upande wowote. Wote wawili wanadanganyana, na ninao ushahidi, mguu wa kushoto wa mwanangu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa wa vioo, tena wa vioo hasa. Alikuwa na kenta, lori dogo la kupeleka bidhaa za dukani Kamsamba, sabuni, sukari, mabati, na kurudi na mpunga. Mpunga ukiisha anashuka Ivuna kuchukua chumvi. Barabara ile ya kushuka bondeni inajulikana, na yeye aliijua shimo kwa shimo, sipingi. Alikuwa dereva mzuri akienda mbele. Kwenda mbele hakuna aliyemlalamikia.

Kiwanja kilikuwa chake. Vyumba sita vimepangana kama mabehewa, stoo ya bidhaa mwisho kabisa, geti upande wa barabarani. Jioni aliingiza kenta kwa mbele hadi mlangoni pa stoo, akapakia usiku ule ule au alfajiri, na asubuhi akatoka kinyumenyume hadi barabarani. Hatua kama arobaini za kurudi nyuma, katikati ya majiko ya mkaa, ndoo, kamba za nguo na watoto wa wapangaji. Nilipoolewa nilimuuliza mume wangu kwa nini kaka yake asiingie kinyumenyume jioni ili asubuhi atoke akiangalia mbele. Akaniambia, "Jioni anakuwa amechoka." Nikaendelea kupanga vyombo. Nilikuwa mgeni.

Tulikaa kwenye chumba kimoja kati ya vile sita. Shemeji alitupa siku ya harusi na hakuwahi kudai kodi. Alichodai ni heshima, na heshima ile ilikuwa na ratiba yake. Mke wake alikaa Kamsamba kusimamia mashamba ya mpunga, kwa hiyo chai ya asubuhi ilikuwa juu yangu. Mume wangu aliondoka mapema kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, alikokuwa anauza mitumba, hivyo baada ya chai kazi ya kupiga bodi nayo ikawa juu yangu.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze. Dereva wa gari kubwa anaporudi nyuma, mtu anasimama ubavuni na kupiga bodi kwa kiganja. Mapigo ya haraka yanayofuatana, pa-pa-pa-pa, maana yake rudi, rudi, nafasi ipo. Pigo moja zito maana yake simama hapo hapo. Hakuna aliyeandika sheria hii popote, lakini muulize mtu yeyote Tunduma, hata muuza karanga, atakujibu. Shemeji alinifundisha wiki ya kwanza ya ndoa yangu.

"Ukitaka nije, piga kama umeona pesa inaanguka," alisema. "Ukitaka nisimame, piga moja tu, kama unamfukuza mbuzi kwenye unga."

Nikajua. Nikawa fundi. Nilipiga bodi nikiwa na mimba, nikapiga na mtoto mgongoni, nikapiga huku sufuria ya maharage inachemka na mwiko uko mkono wa pili. Wakija rafiki zake aliwaambia, "Huyu shemeji ni kioo changu cha tatu," nami nilicheka. Nisijifanye mtakatifu. Nilifurahi kuitwa hivyo.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile yetu inayofanya maji ya bomba yaume vidole. Mwanangu alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, amevaa sweta mbili. Shemeji alikuwa amechelewa na hakuniita. Aliwasha gari akaliacha lingurume, kama desturi yake, injini ipate joto, naye akaingia tena ndani kutafuta karatasi za mzigo. Gari lilinguruma muda mrefu. Ukikaa na dizeli inayonguruma kila asubuhi huisikii tena, inakuwa sawa na jogoo wa jirani. Mimi nilikuwa bombani nafua. Mpangaji mwenzangu, mama wa chapati, alikuwa jikoni kwake upande wa pili wa gari. Mtoto alikuwa anafuata jua. Asubuhi za baridi watoto wanafanya hivyo, jua likisogea nao wanasogea, na kipande pekee cha jua kilichokuwa kimefika chini kilikuwa nyuma ya kenta, karibu na tairi la kushoto. Alikaa pale na mfuniko wa sufuria.

Niliinua kichwa nikaona gari linasogea. Kwa chini, katikati ya matairi, nikaona sweta nyekundu.

Nilikuwa upande wa kulia, yeye upande wa kushoto kule nyuma. Nilikimbilia gari kwa sababu gari ndilo lililokuwa karibu. Na mikono yangu, mikono iliyofundishwa miaka mitatu, ikafanya ilichojua. Nikapiga bodi. Nikapiga kwa viganja vyote viwili, haraka, kwa nguvu zangu zote, huku napiga kelele mtoto, mtoto. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa baridi na redio inaimba. Kelele hakuzisikia. Mapigo aliyasikia vizuri sana. Pa-pa-pa-pa-pa. Akaongeza mafuta.

Mama wa chapati ndiye aliyemvuta mtoto. Alimkamata sweta ya mgongoni akaanguka naye chali, na mguu mmoja ukachelewa kutoka. Shemeji alisimama pale alipomwona mama wa chapati anaanguka, kwenye kioo cha kushoto. Ndiyo, kioo kilimwonyesha. Hilo huwa nalisema mwenyewe kabla wa vioo hawajanikumbusha. Kilimwonyesha mguu ukiwa tayari chini ya tairi.

Alitupeleka hospitali Vwawa kwa kenta ile ile, sukari ya watu ikiwa nyuma. Mtoto alikuwa mapajani kwangu, mguu nimeufunga kwa kanga, analia ule mlio wa kukata pumzi. Njia nzima shemeji aliendesha kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka na baridi ile. Nilimwonea huruma, kweli kabisa, nilikuwa nataka kumwambia pole. Tukiwa tumebakiza kilima kimoja akasema, bila kunitazama:

"Lakini shemeji, ulipiga bodi."

Huruma ikaishia kwenye kilima kile.

Daktari alisema mifupa miwili ya unyayo imevunjika na kwamba mifupa ya mtoto inaunga haraka. Mguu ukafungwa hogo, ile simenti nyeupe, hadi gotini. Tukarudi nyumbani, na nilipofika nikakuta maneno yamefika kabla yangu. Kiwanja kizima kilikuwa kinajua kwamba mimi ndiye niliyempigia bodi. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho alinipa pole halafu akaongeza, kwa upole tu, "Siku nyingine piga moja, dada." Kama vile kuna siku nyingine.

Jumapili kikaitishwa kikao. Mama mkwe alipanda gari kutoka Ibaba na kiroba cha viazi, akakaa kwenye kiti cha shemeji, shemeji akakaa kwenye mkeka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mume wangu alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mtoto alikuwa katikati yetu anagongagonga simenti ya mguu wake kwa kijiko. Alikuwa ameshaizoea kuliko sisi.

Shemeji alieleza. Alieleza vizuri, hakuongeza chumvi. Alisema aliangalia kioo cha kulia, akaangalia cha kushoto, njia ilikuwa nyeupe, akaanza kurudi, akasikia bodi inapigwa kwa nguvu, akajua shemeji yake yuko kazini kama siku zote, akarudi.

"Ulipiga?" mama mkwe akaniuliza.

"Nilipiga, mama."

"Basi."

"Sio basi, mama. Kabla sijapiga, gari lilikuwa limeshaanza kurudi. Kabla hajalianza aliangalia wapi?"

"Vioo," shemeji akasema. "Nimekwambia vioo."

"Na mtoto alikuwa wapi kwenye vioo?"

"Hakuwepo."

"Alikuwepo, shemeji. Alikuwa nyuma ya gari lako, karibu na tairi lako."

"Kaka angetoa hata kichwa nje..." mume wangu akaanza. Ndiyo, mume wangu ni wa shingo. Shemeji akamkata:

"Wewe utoe kichwa, unauza suruali za mitumba. Mimi nina tani tatu na nusu."

Nikasimama. Nikaomba funguo ya gari. Shemeji akacheka kidogo, akadhani nataka kuendesha. Nikamwambia ninataka mlango tu, injini haiwaki, na funguo nitaishika mwenyewe. Nikamwomba mama mkwe aje apande. Mwanamke yule alikuwa na zaidi ya miaka sitini na hajawahi kukaa nyuma ya usukani hata wa toroli. Mume wangu akampa bega, mimi nikamsukuma kwa chini, akaingia, akajipanga, akashika usukani kwa mikono miwili kama anashika mpini. Watu wa kiwanja wakatoka vyumbani.

Nikaenda kumweka mtoto pale pale, karibu na tairi la kushoto, na kijiko chake. Nikarudi dirishani.

"Mama, angalia kioo cha kushoto. Unaona nini?"

"Naona geti. Naona jiko la huyu wa chapati. Naona kuku."

"Na cha kulia?"

"Bomba. Nguo. Hii kanga ni ya nani, imetoboka."

"Mjukuu wako unamwona?"

Akaangalia tena, kushoto, kulia. Akasogeza kichwa mbele, akasogeza nyuma. "Mmempeleka wapi?"

"Toa kichwa nje sasa, mama, ugeuke nyuma kabisa."

Akatoa. Kilemba chake kikagonga fremu ya dirisha. "Naona ubao wa gari. Naona tairi la huku."

"La kule?"

"La kule nalionaje na gari liko katikati?"

"Kuna kidirisha hapo nyuma ya kichwa chako."

Akageuka. "Magunia," alisema. "Magunia matupu."

Mtoto akagonga simenti kwa kijiko, ko, ko, na sisi sote tukasikia, na mama mkwe aliyekuwa juu kwenye kiti cha dereva akasikia, akaangalia vioo kwa mara ya tatu kama mtu anayetafuta redio inakoimbia. Hakumwona.

Nilidhani nimeshinda. Alishuka polepole, akajikung'uta, akamwita mjukuu wake akambeba. Halafu akasema, "Nimeona. Sasa mwanangu, mwombe shemeji yako radhi tule."

"Nimwombe radhi mimi?"

"Yeye ni mkubwa. Mkubwa haanzi. Wewe ukianza na yeye atafuata."

Niliomba radhi. Nilisema hivi, na mume wangu ni shahidi: "Shemeji, nisamehe kwa kupiga bodi. Hilo ni langu na nitakufa nalo. Kutoangalia ni kwako. Ninachotaka ni kimoja. Kila ukitaka kurudi nyuma ndani ya kiwanja hiki, shuka, zunguka, inama uangalie, ndipo upande."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nishuke kwenye gari langu, ndani ya kiwanja changu, niiname kama natafuta sindano?"

"Ndiyo."

"Wapangaji wananiona?"

"Hasa wapangaji wakiwa wanakuona."

Tukala viazi. Hakufuata na radhi yake kama mama alivyoahidi. Jumatatu asubuhi mama mkwe alirudi Ibaba, na Jumatatu hiyo hiyo shemeji akatoka na gari kinyumenyume, ameegemea kiti, macho kwenye vioo, redio inaimba. Chumbani nilimwambia mume wangu tuhame. Akasema, "Unajua tunakaa kwa nani."

"Najua. Tunakaa nyuma ya gari."

Akageukia ukutani. Sikumlaumu sana. Alilelewa na kaka yake tangu darasa la tatu, na mtu aliyekununulia madaftari si rahisi kumwambia ainame. Lakini mimi hakuninunulia daftari lolote. Baba yangu alinisomesha hadi kidato cha nne kwa kahawa ya Mbozi, na fizikia nilipata C. Najua mwanga unakwenda mstari ulionyooka. Hauzunguki tairi.

Jumanne nilimpelekea chai kama kawaida. Nikaweka kikombe, nikaweka mihogo, nikasema kwa adabu zote:

"Shemeji, leo nitakuwa nyuma ya gari lako. Au sitakuwa. Vioo havitakuonyesha. Shuka uangalie."

Nikamwacha mtoto chumbani kwa mama wa chapati, mlango umekazwa komeo. Nikachukua kigoda na ungo wa mchele, nikaenda kukaa nyuma ya tairi la kushoto, chini kabisa, nikaanza kuchambua mawe.

Injini ilinguruma. Gari halikusogea. Nilisikia dirisha linashushwa.

"Shemeji, upo?"

Nikaendelea kuchambua.

"Shemeji, usinitanie, nina mzigo wa watu."

Mchele wa Kamsamba una mawe mengi ukikobolewa vibaya. Nikapata matatu.

"Jamani, yupo?" akawauliza wapangaji.

Wakamjibu kwa pamoja kama kwaya: "Yupo!" Nikanyanyuka kabla hajazima injini, nikampisha, akatoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu wapangaji walikuwa wameshageuza mchezo. Kigoda changu wakakiita boda, kama ule mpaka wa Zambia. Fundi cherehani akawa anasimama mlangoni na mswaki mdomoni, anamwambia shemeji kwa sauti ya afisa wa Zambia, "Mukwai, huwezi kupita hapa bila muhuri," na mwingine anadakia, "Muulize kama ana kadi ya chanjo ya homa ya manjano." Walicheka hadi na mimi nikacheka, ila sikunyanyuka mpaka walipomwambia nipo.

Ila hapo ndipo nilipoona nimekosea. Shemeji alikuwa amepata njia. Hashuki. Anashusha dirisha, anauliza "yupo?", wanajibu, mchezo umeisha. Badala ya bodi inayopigwa alikuwa na midomo inayojibu. Ni kitu kile kile. Bado alikuwa anarudi nyuma kwa kuamini mtu mwingine ameangalia.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, nilitoka na kikapu kwenda gengeni. Fundi cherehani aliniona natoka. Nje ya geti nikakumbuka sijabeba hela, nikarudi, nikapitia nyuma ya vyoo kwa sababu mbele walikuwa wamemwaga maji ya sabuni. Nikasikia kenta imeshawaka. Nikachukua kigoda changu ukutani na ungo juu yake, nikakaa mahali pangu.

"Yupo?" shemeji akauliza.

"Hayupo," fundi akajibu, na alisema kweli aliyoijua. "Kaenda gengeni."

Gia ikaingia. Gari likaanza kuja.

Nilikuwa na nafasi ya kuondoka. Naliandika hili wazi kwa sababu watu wengi waliosikia habari hii wanadhani nilikwama. Sikukwama. Kenta inaporudi mwanzo inakuja polepole, mtu mzima anaweza kunyanyuka na hata kuchukua kigoda chake. Nilikaa. Mama yangu aliposikia alinitukana kwenye simu hadi salio likaisha, na alikuwa na haki, kwani mwenye mtoto mdogo hana ruhusa ya kuchezea roho yake. Simshauri mtu. Nasema nilichofanya. Nilikaa nikaangalia ubao wa nyuma unavyokuja, na nikaona kwa mara ya kwanza kile alichokiona mwanangu: kitu kikubwa kinachokuja taratibu, bila hasira, kinachonguruma kama kinavyonguruma kila siku. Hakitishi. Nilielewa kwa nini hakukimbia.

Ubao ulipogusa ukingo wa ungo, nilipiga. Mara moja. Kiganja kizima.

Gari likasimama palepale, likayumba. Mchele ukamwagika wote. Nikasikia mlango unafunguliwa, na miguu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe shemeji yangu akazunguka nyuma ya gari lake. Alinikuta nimekaa, ungo umepinda mapajani. Midomo yake ilikuwa imekauka, imekuwa na rangi ya majivu.

"Wameniambia haupo," alisema.

"Najua."

"Ningekuua."

"Ungeniua. Ungemwambia mdogo wako nini? Kwamba fundi amesema sipo?"

Fundi cherehani alikuwa amesimama na mswaki, povu linamtiririka kidevuni. "Kaka, nilimwona anatoka," alisema. "Naapa nilimwona anatoka."

"Na alitoka kweli," nikasema. "Usimlaumu fundi, shemeji. Mimi pia nilipiga bodi nikiwa nataka usimame. Kila mtu anakwambia kitu na kila mtu ana sababu yake. Chini ya gari lako anayeweza kuangalia ni wewe."

Alichuchumaa. Nilidhani ameishiwa nguvu, kisha nikaona anaokota mchele, punje kwa punje, anaurudisha kwenye ungo pamoja na mchanga. Nikamwacha aokote. Hakusema samahani. Alisema, "Mchele huu hauliki tena," nikamwambia kuku watakula, akapanda gari, akakaa kidogo, akashuka tena akaangalia nimekwenda wapi. Nilikuwa mlangoni kwangu. Ndipo akaondoka. Redio haikuimba.

Kesho yake alishuka. Jumamosi alishuka. Jumatatu fundi cherehani alijaribu kumtania, "Bosi, sindano imeonekana?" akamwambia, "Wewe shona," na fundi akashona. Madereva wenzake wa Kamsamba walimwona mara moja anainama nyuma ya gari barabarani wakamuuliza kama difu inavuja oili. Aliendelea kuinama. Sijui kama huko bondeni aliendelea kushuka, sikuwepo. Ninachokijua ni cha kiwanja chetu, na huko nilikuwa naangalia kila siku, na chai yake ikiwa haijapoa.

Mwishoni mwa mwezi wa nane simenti ilitolewa. Mguu ulikuwa mwembamba, mweupe kwa unga, unanuka, na mwanangu akaanza kuukanyagia kwa pembeni kama bata. Siku ya nne alikuwa anakimbia. Mimi nilikuwa namfuata kila hatua, nafua nikiwa nimegeuka, napika nikiwa nimegeuka, lakini mtoto wa miaka miwili humshindi. Asubuhi moja niligeuka kuzima jiko la mafuta, kitendo cha sekunde, nikageuka tena na hayupo.

Kenta ilikuwa inanguruma.

Nilikimbia, na safari hii nilikuwa nimejiapiza kukimbilia mtoto, si gari. Sikufika. Nilipopita kwenye pua ya kenta, shemeji alikuwa anatokea upande wa nyuma, goti moja lina vumbi, amembeba mwanangu kwapani kama mkungu wa ndizi. Mtoto alikuwa anacheka, ana gunzi la hindi mkononi.

"Shemeji," alisema, "shika mtu wako. Alikuwa amekaa juani."

Nikampokea. Akaangalia gari, akaangalia mtoto, akapangusa goti. Akageuka kwenda kupanda.

"Shemeji," nikamwita.

"Naam."

"Upande wa kulia hujaangalia."

Alisimama na mkono kwenye mlango. Wapangaji wote walikuwa nje. Akaufunga mlango taratibu, akazunguka kupitia mbele, akaenda upande wa kulia, akainama.